Kachi ni kweli ao ni sinema? Miaka 30 ya William Regal inajibu

Siku ya kachi kwenye televisheni, iwe Nguba, Panzi ao Nyawera, kuko swali moja ambalo halikosekani: "Bale batu banapiganaka kweli, ao ni sinema?" Vijana wengi wanajibu kwamba ni kweli, wanaona damu na watu kubebwa. Wakubwa wengi wanacheka: wanasema yote yamepangwa, ni michezo ya kuibia watu pesa.

Kila upande uko na nusu ya ukweli. Ili tuelewe nusu zote mbili, leo tunafuata maisha ya kazi ya mtu mmoja, Mwingereza William Regal. Alianza kachi akiwa na miaka 15 na akafanya pigano lake la mwisho akiwa na miaka 45. Wengi wenu mnajua sura yake hata kama jina limewatoroka: ule mzungu wa kanzu ndefu, nywele zimechanwa vizuri, pua juu sawa mtu anayesikia harufu mbaya kila pahali anapopita.

Neno letu "kachi" limetoka kwao

Tuanze na jina. Watanzania wanasema mieleka. Sisi hapa Kongo tunasema kachi, juu tulipokea neno kutoka Kifaransa, catch. Lakini Wafaransa nao walilitoa kwa Waingereza. Kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Lancashire, kulikuwa namna ya kupigana iliyoitwa catch-as-catch-can. Maana yake ni karibu hii: shika namna unaweza kushika. Ukipata mguu, shika mguu. Ukipata shingo, shika shingo.

Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa kati ya watu waliopenda sana mchezo ule. Walitoka chini ya udongo, kisha wakapigana juu ya majani, na watu waliweka pesa juu ya nani atashinda. Msomaji anayejua maisha ya machimbo ya Kamituga ao Walungu hatashangaa: kazi ngumu ya mikono inazaa michezo migumu. Katika mji wa Wigan, mzee mmoja aliyeitwa Billy Riley alifungua chumba cha mazoezi ambacho kilijulikana dunia nzima. Pale watu walifundishwa kufunga mkono, mguu ao shingo mpaka mwenzako akubali mwenyewe kwamba ameshindwa.

Mmoja wa wanafunzi wa Wigan alikuwa Mbelgiji, mzaliwa wa Antwerpen, aliyejulikana kwa jina la Karl Gotch. Gotch alienda Japani na kumfundisha Antonio Inoki. Na ule Inoki, tarehe 26 Juni 1976, alipigana kule Tokyo na Muhammad Ali, Ali yule yule ambaye sisi Wakongomani tulimpokea Kinshasa mwaka wa 1974 kwa pigano lake na George Foreman. Kumbe kutoka machimbo ya Wigan mpaka kwa Ali wa Kinshasa ni kamba moja. Na Regal alikuja kukutana na Inoki pia, tutafika pale.

Kijana wa Blackpool

Jina lake la kuzaliwa ni Darren Matthews. Alizaliwa tarehe 10 Mei 1968 katika kijiji cha Codsall Wood, jimbo la Staffordshire. Wakati ule kachi ilikuwa kitu kikubwa Uingereza. Kila siku ya posho mchana, televisheni ya ITV ilionyesha kachi, na watu wa kila umri walikaa kuangalia: baba, mama, hata nyanya na mkufu wake wa rozari. Nyota wakubwa walikuwa watu sawa Big Daddy na Giant Haystacks, watu wa kilo nyingi sana, ambao mwaka wa 1981 walijaza jumba la Wembley mjini London.

Pigano la Uingereza lilikuwa na sheria zake. Lilikatwa kwa raundi, sawa ndondi. Mtu alitakiwa kumlaza mwenzake ao kumlazimisha akubali, mara mbili, ili ashinde. Mwenye kufanya vibaya alipewa onyo mbele ya watu, na onyo la tatu lilimtoa nje. Kwa hiyo mpiganaji alitakiwa kujua kushika na kujifungua. Ngumi tupu na kelele hazikutosha.

Mwaka wa 1983, kijana Darren, miaka 15, akaenda Blackpool. Ni mji wa pembeni ya bahari, pahali ambapo wafanyakazi wa Uingereza walienda kupumzika. Pale kwenye uwanja wa michezo wa Pleasure Beach kulikuwa onyesho la kachi la namna ya zamani: mwenye onyesho aliita mtu yeyote kati ya watazamaji apande kwenye ringi. Ukiweza kusimama mbele ya mpiganaji wetu kwa raundi kadhaa bila kushindwa, unatoka na pesa.

Fikiria, mpenzi msomaji, maana ya kazi ile kwa mtoto wa miaka 15. Mtu anapanda, amekunywa, ni mkubwa kukupita, marafiki wake wanapiga kelele, na hajapatana nawe kitu chochote. Yeye anataka pesa, na wewe ukishindwa, bosi anapoteza pesa. Pale hakuna sinema. Regal alijifunza kwanza kachi ya kweli, ile ya Lancashire, juu ya haja. Usiku ule ule, kwenye ringi ile ile, alijifunza pia ile ingine, ya maonyesho, ambamo mwisho umepangwa.

Ndipo alijichagulia jina Steve Regal. Baadaye likawa Lord Steven Regal, na mwisho William Regal.

Mwisho umepangwa, kuanguka hakupangwi

Hapa tujibu lile swali la kwanza bila kuzunguka. Ndiyo, katika kachi ya maonyesho mwisho unajulikana mbele. Nani atashinda, karibu dakika ngapi, na namna gani, wenye kampuni wanaamua. Wapiganaji wanajua, mwamuzi anajua.

Lakini ardhi haijui. Ringi ya kachi si matela. Ni mbao juu ya vyuma, na juu yake kitu chembamba cha kupunguza uzito, kisha turubai. Mtu wa kilo 110 akitupwa pale, kilo zote 110 zinashuka kweli. Kwa hiyo somo la kwanza la kila shule ya kachi ni kuanguka. Kidevu unakibana kwenye kifua ili kisogo kisipige. Unatoa pumzi. Unaanguka na mgongo wa juu, wote kwa mara moja, na mikono yote miwili inapiga chini ili uzito ugawanyike. Ukianguka na kiwiko, kinavunjika. Ukianguka na kisogo, unaweza usiamke. Wanafunzi wanarudilia kitu hicho mara mia na mia, mpaka mwili ufanye bila kuuliza kichwa.

Somo la pili ni gumu zaidi: mwili wa mwenzako uko katika mikono yako. Ukimwinua juu ya kichwa chako, amekupa shingo yake. Mpiganaji mzuri anaonekana mkali mbele ya watu, na bado mwenzake anarudi nyumbani mzima kwa watoto wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na mtu wa kujaribu-jaribu.

Na hata mafundi wanapata hasara. Mwezi wa Agosti 1987, katika mji wa Great Yarmouth, Big Daddy alimwangukia Mal Kirk kwa tumbo, sawa alivyofanya katika mapigano mengi. Kirk hakusimama tena. Aliaga dunia usiku ule. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa moyo, na Big Daddy hakuhukumiwa. Pigano lilikuwa limepangwa. Kifo hakikupangwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba 1988, ITV ikaacha kuonyesha kachi. Kazi ya watu wengi ikakauka. Regal alikuwa na miaka 20 tu. Akafanya sawa vijana wetu wengi wanavyofanya kazi ikiisha nyumbani: akavuka mipaka. Alitafuta mkate katika nchi zingine za Ulaya, kama Ujerumani na Austria.

Marekani: kuchukiwa ni kazi

Mwaka wa 1993 kampuni ya Marekani WCW ikamchukua. Ikamfanya mtu wa ukoo wa kifalme, Lord, anayedharau Wamarekani wote. Kijana wa kijiji, aliyepigana na walevi kwa pesa kidogo, sasa alivaa kanzu ya thamani na kupungia watu mkono sawa mfalme. Watu walimzomea kila usiku. Na ile ilikuwa alama kwamba anafanya kazi vizuri, juu kachi inahitaji mtu mbaya. Bila mtu mbaya hakuna anayelipa kuona mtu mzuri akishinda.

Mwezi wa Septemba 1993 alimshinda Ricky Steamboat na kupata mkanda wa Televisheni wa WCW. Aliupata mara nne kwa jumla. Mwaka wa 1994 alipangwa na Antonio Inoki, yule wa Ali, katika jimbo la Iowa. Inoki alikuwa mzee wa miaka 51, lakini wote wawili walijua lugha moja, ile ya kushika na kujifungua. Kisha mwaka wa 1996 alipigana na Fit Finlay, mtu wa Ireland ya Kaskazini, mapigano makali mpaka nje, katikati ya magari yaliyopaki.

Tarehe 9 Februari 1998 likaja pigano ambalo mashabiki wanalizungumzia mpaka leo. Kampuni ilikuwa na kijana mpya, Bill Goldberg, mwenye nguvu nyingi, anayeshinda kila mtu ndani ya dakika chache. Regal akapewa kazi ya kushindwa naye, lakini katika pigano refu kupita yale Goldberg alizoea. Regal akamshika, akamfunga, akamgeuza, na kila mtu aliyeangalia akaona kwamba kijana hajui ajibu nini. Mwisho ulikuwa ule uliopangwa, Goldberg alishinda. Lakini dakika zile chache zilionyesha tofauti kati ya mtu aliyejengwa kwa misuli na mtu aliyejengwa kwa miaka. Muda mfupi baadaye, WCW ikaachana na Regal.

Mwili unakuja kudai

Ukweli ingine ni kwamba wakati ule Regal mwenyewe alikuwa anazama. Amesimulia mwenyewe mbele ya watu, na katika kitabu cha maisha yake, Walking a Golden Mile, kilichotoka mwaka wa 2005: alikuwa mtumwa wa pombe na dawa. Kampuni ingine, WWF (leo WWE), ilimchukua mwaka 1998, lakini hali haikubadilika. Akaenda kituo cha matibabu, na mwaka wa 1999 akajikuta nje tena.

Tusihukumu haraka. Mpiganaji wa kachi anaanguka usiku huu, kesho anasafiri, kesho kutwa anaanguka tena. Wakati ule hakuna aliyemwuliza kama mgongo unauma. Kidonge kilimsaidia kusimama asubuhi na kingine kilimsaidia kulala. Wengi wa kizazi kile, Marekani na Ulaya, walikufa mbele ya kufika miaka 50.

Regal alirudi. Tarehe 25 Mei 2000, katika onyesho la kumkumbuka mpiganaji Brian Pillman kule Cincinnati, alipigana pigano zuri sana, la kushika na kujifungua, mpaka WWF ikampa nafasi ya pili. Safari hii aliishika. Alikuwa kamishna wa onyesho, akapata mikanda, na Januari 2002 akamshinda Edge kwa chuma alichoficha mkononi, sawa mtu mbaya anavyotakiwa. Katika mwaka 2003 ugonjwa wa moyo ukamtoa kwenye ringi muda mrefu, wengi wakafikiri amemaliza. Mwaka wa 2004 alirudi tena. Mwaka wa 2008 akashinda mashindano ya King of the Ring, na Novemba mwaka ule ule akapata mkanda wa Intercontinental katika mji wa Manchester, karibu na kule Lancashire alikoanzia. Waingereza ambao kazi yake ilikuwa kuwaudhi walisimama na kumshangilia.

Pigano la mwisho lilionyeshwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2013, na Mswisi Cesaro. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu Blackpool.

Mzee anayebaki ni yule aliyefundisha

Regal hakupata hata mara moja mkanda mkubwa wa ubingwa wa dunia katika kampuni hizo. Watu wanaojulikana kumpita ni wengi. Lakini uliza wapiganaji wenyewe, wengi watakutajia jina lake kwanza. Sababu ni kwamba alifundisha.

Tangu mwaka 2000 kule Memphis alikutana na kijana mfupi, Bryan Danielson, ambaye wengi walisema ni mdogo sana kwa kazi hii. Regal akampokea sawa mwanafunzi. Tarehe 6 Aprili 2014 kijana yule, chini ya jina Daniel Bryan, akawa bingwa mkubwa katika WrestleMania ya 30. Kuanzia 2014, Regal akawa kiongozi wa NXT mbele ya kamera, ile sehemu ya WWE ambamo vijana wanaanzia, na nyuma ya kamera alikuwa kati ya watu wanaozunguka dunia kutafuta vipaji.

Januari 2022 WWE ikamwachisha kazi. Miezi miwili baadaye alitokea katika kampuni AEW, na kuongoza kikundi kilichopewa jina la Blackpool, ndani yake Danielson na pia Cesaro, aliyepigana naye mara ya mwisho. Mwaka wa 2023 akarudi WWE, sasa katika kazi ya kukuza vipaji vya dunia. Mtoto wake naye anapigana, kwa jina la Charlie Dempsey, na anatumia mtindo ule ule wa zamani, wa kushika na kujifungua.

Na kwetu je?

Kongo ni nchi ya kachi. Kinshasa wapiganaji wanazunguka kartye mbele ya pigano, na fanfare nyuma yao, na wengine wanaingia na dawa za kienyeji, sawa Edingwe, ambaye jina lake linajulikana nchi nzima. Watu wanapenda ile mchanganyiko ya nguvu, uchawi na kicheko, na haina ubaya kupendwa. Onyesho letu halihitaji kufanana na la Waingereza.

Lakini mbao za Kinshasa ni ngumu sawa zile za Blackpool, na shingo ya Mkongomani haina vipuri. Wapiganaji wengi wa kwetu wanaishi kwa kazi ingine mchana, na siku mkono ukivunjika, familia ndiyo inachanga. Kwa hiyo mafundisho ya Regal yanatufikia mpaka hapa Ibanda, kwa watu wa namna tatu.

Kwanza wazazi. Mtoto anayeruka kutoka juu ya ukuta hadi juu ya rafiki yake, kwenye saruji ao kwenye mawe ya avenue yetu ya mteremko, amefuata kitu alichoona bila kujua mazoezi yaliyo nyuma yake. Tukimwambia tu "ile ni uongo, acha," hatasikia, juu ameona kwa macho yake. Tumwambie ukweli: wale wamejifunza kuanguka kwa miaka, na bado wanavunjika.

Pili wenye kupanga maonyesho. Mbele ya kutafuta spika na rangi za affiche, mtazame ringi. Mbao zimefungwa vizuri? Msumari hautoki? Kuko mtu wa huduma ya kwanza pembeni, na gari la kufikisha mtu hospitali? Na kijana mpya, nani amemfundisha kuanguka mbele ya kumpandisha?

Tatu, wazee wa kachi wenyewe. Mwili wenu umechoka, lakini kichwa kiko na kitu ambacho hakuna televisheni inaweza kumpa kijana. Regal alikaa kazini juu alipoacha kuanguka alianza kuonyesha wengine namna ya kuanguka. Mzee anayeweka maarifa yake kwa kijana wa kartye anaokoa shingo ya mtu asiyemjua bado.

Basi siku ingine mtu akiuliza kama ni kweli ao ni sinema, jibu liko: mshindi wamemchagua mchana, lakini maumivu yanaingia usiku bila kuchaguliwa.